Unga wa Gunia Lisilo na Picha

Kakamega Mjini,
Jumapili, 23 Agosti 1964

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, mama. Binti yako Sellah anakuamkia kwa mikono miwili. Hapa kwetu tunalala na kuamka salama kwa neema ya Mungu. Watoto wamepona kikohozi, na mguu wa mume wangu Hezekiah sasa unakanyaga chini, ingawa bado anatembea na fimbo kama mzee wa baraza. Je, goti lako? Bado linakusumbua mvua ikikaribia? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mwambie kaka George kwamba mbegu za maharagwe alizonipa zimeota zote, hata zile alizosema zimetobolewa na wadudu.

Na wewe wifi yangu Mildred, najua macho yanayopita hapa ni yako, na sauti anayoisikia mama ni yako. Soma polepole. Kuna mahali mbele utatamani kuruka mistari. Usiruke hata mmoja. Ile mikate miwili aliyoileta Barasa mchuuzi wa mbuzi pamoja na barua hii iacheni kwanza ndani ya kitambaa mpaka umalize kusoma.

Mama, utajiuliza kwa nini nimechukua kalamu wakati Lubao ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, tena mwezi huu huu nilikuwa hapo kwenu kwa matanga ya baba mdogo. Nilikuja na maneno mdomoni, nikarudi nayo. Mkono umekubali kuyasema, mdomo ulikataa. Basi nisikilize.

Unajua tangu Hezekiah aanguke kule kwenye ujenzi hana kazi. Nyumba hii si yetu, ni ya yule kontrakta aliyemwajiri, naye ametuambia, kwa upole lakini ametuambia, kwamba mwezi wa tisa ukiisha anataka fundi mwingine aingie humu. Usiku mwingi nimelala nikiwaza tutapeleka wapi vitanda na watoto. Ndipo katikati ya mwezi wa saba akaja mgeni mlangoni, juu ya baiskeli, gauni limebanwa kwa pini ya nguo lisiingie kwenye mnyororo. Nilidhani ni nesi. Kumbe ni Mwalimu Namalwa, mkuu wa ile shule mpya ya bweni ya wasichana. Mkuu, mama! Mwanamke wa kwetu, mweusi kama mimi, na funguo za shule nzima kiunoni. Nilimtazama hata nikasahau kumpa kiti.

Alisema alinunua mkate wangu siku ya mavuno kanisani, akaula siku tano na haukuota ukungu. Mkate wa hamira wa dukani, siku ya tatu umeshaharibika. Yeye ana wasichana wengi na tanuri moja, kwa hiyo anataka mkate wa kuoka mara mbili kwa juma, ukakaa. Mpishi wa mkate huo angepewa kazi na vyumba viwili vya matofali ndani ya uwanja wa shule. Moyo wangu uliruka, mama. Lakini alikuwa na sharti. Shule haina uwezo wa kununua ule unga mzuri, unga wa mfuko mweupe wenye picha ya suke la ngano. Shule inanunua unga rahisi, ule wa gunia lisilo na picha yoyote, ambao mama mandazi wote wa mji huu wanatumia. Akaniletea nusu gunia. Nilipaswa kumpelekea mikate mitatu ya unga huo mtupu kabla ya shule kufunguliwa. Ikifaa, kazi ni yangu. Isipofaa, hakuna ubaya, atatafuta njia nyingine.

Nilimjibu kwamba nitajaribu, ingawa sikuamini kwamba unga huo utafaa. Wewe hukuwahi kuniona nikioka kule Lumakanda nilipokuwa mpishi wa Memsahibu, yule mzungu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Yeye hakutumia hamira. Alikuwa na chachu, unga na maji tu uliochacha, anautunza ndani ya chupa pana ya jemu na kuulisha unga kila siku kama unavyolisha kuku. Unachanganya kidogo na donge la mkate, unaliacha usiku kucha, asubuhi limeumuka. Alinifundisha yote. Alipofunga mizigo kurudi kwao mwaka jana, Uhuru ukiwa mlangoni, aliniachia ile chupa na mfuko mmoja wa unga mzuri. Na neno lake la mwisho kuhusu mkate lilikuwa kwamba unga wa mandazi nisijisumbue nao, hauna nguvu ya kubeba chachu, ni wa kukaangia tu. Miaka mitano nilimsikia akisema hivyo. Nami niliamini kama nilivyoamini kwamba jua linatoka upande wa Kapsabet.

Basi nikafanya jaribio la kwanza. Nilifanya kila kitu kama Memsahibu: maji yale yale, kukanda kule kule, kitambaa juu, usiku kucha. Asubuhi donge lilikuwa limefurika beseni. Nikashangilia, loo, nikamwita Hezekiah. Nilipoligusa tu likashusha pumzi, fyuu, likalala. Tanurini likatandaa kama mavi ya ng'ombe njiani. Hezekiah aliligonga kwa fimbo, akauliza kwa heshima kama angeweza kulitumia kuzibia ufa wa jikoni. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea kutoka na sikuwa nacheka tena.

La pili halikuwa jaribio, lilikuwa balaa, na ni la kujitakia. Unajua mimi ni mwandishi wa umoja wa akina mama kanisani. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba wakaja kuomba nyumbani kwangu, ghafla, kumi na mmoja, vitambaa vyeupe kichwani. Nami ile chupa ya chachu ilikuwa juu ya meza, imeiva. Mama, chachu ikiiva inanuka pombe. Hakuna njia ya kulisema vizuri. Niliona watasema Sellah anapika busaa jikoni, sasa yote yamejulikana. Nikaikamata chupa, nikaitumbukiza ndani ya tanuri nje, nikafunga mlango wa bati, nikarudi kuimba. Naye mume wangu mpenzi, kwa kutaka kunisaidia, akaona wageni ni wengi, akawasha moto tanurini wapate viazi vya kuchoma. Tuliomba saa mbili nzima. Jael, mama mchungaji, ndiye aliyeomba mwisho, na Jael akianza kuombea mataifa haachi hata moja nje. Nilipofungua tanuri, chachu ya Memsahibu ilikuwa imeiva kama uji, na chupa imepasuka.

Sikumwambia mtu. Hata Hezekiah nilimwambia kwamba chupa ilikuwa tupu. Nikajaribu kuanzisha nyingine kwa unga na maji matupu kama Memsahibu alivyosema huanzishwa. Siku ya tano ilinuka panya aliyefia darini. Nikaimwaga shimoni, nikakaa juu ya kigogo cha kuni, nikajua tumekosa nyumba.

Baada ya hapo nilipata mwanzo mwingine. Niliupata wapi nitakwambia, mama, ndiyo sababu ya barua hii. Lakini niache kwanza nikueleze nilichokiona, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona kitu kama hicho nikakielewa kidogo hivyo.

Nilichanganya mwanzo huo na unga wa lile gunia na maji ya mvua, jioni, ndani ya kibuyu. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimeinuka juu kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Nilikifunua. Mama, kulikuwa kunatembea mle ndani! Mapovu madogo yanapanda, yanapasuka, mengine yanakuja nyuma yao. Nikaweka sikio. Kulikuwa na sauti, ndogo sana, kama mvua ya mbali juu ya majani ya migomba. Mimi nilikuwa nimeoka miaka mitano na sikuwahi kuweka sikio, kwa sababu ile ilikuwa ya Memsahibu na nilidhani uzima wake ulikuja naye kwenye meli. Hii haikuja na meli. Ni unga ambao watu wanaudharau, na maji yaliyotoka kwenye bati langu, na kile kitu cha tatu. Nani aliiambia iamke? Nilijikuta nimepiga magoti jikoni, na sikuwa nikiomba, nilikuwa nikiangalia tu. Hezekiah akanikuta hapo, akaacha fimbo, akakaa chini na mguu wake mbaya umenyooka, naye akaweka sikio. Hakufanya mzaha hata kidogo. Alisema polepole kwamba mtu anaweza kukaa duniani asijue anakanyaga nini.

Kutoka siku hiyo nilioka mkate mmoja karibu kila siku, mdogo, kama ngumi mbili. Niliacha saa ya Memsahibu. Nilianza kuangalia na kugusa, kama wewe ulivyokuwa unatuambianga tuangalie chungu na si jua. Ndipo nikaanza kuuelewa ule unga. Haupendi maji mengi, kwa hiyo nikapunguza kikombe hadi donge likaacha kunata kwenye vidole. Haupendi kupigwa, nikaacha kuukanda kwa nguvu, nikawa naukunja tu kama kanga, naupumzisha, naukunja tena. Na hauwezi kungoja usiku kucha! Hapo ndipo nilipokuwa nikiuua. Unga wa Memsahibu ulikuwa mvumilivu, huu una haraka kama mtoto mwenye haja. Ukianza asubuhi, adhuhuri uko tayari, na ukichelewa kidogo umeshachoka. Unabonyeza kwa kidole. Shimo likijijaza taratibu, peleka kwenye moto. Na usiuache utandae tanurini, utie ndani ya sufuria yenye mfuniko, iushike mbavu.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mmoja ulitoka mgumu kama jiwe la kusagia. Mmoja ulikuwa mchachu hata kuku walitikisa vichwa. Wa saba, Alhamisi iliyopita, nilifunua sufuria na sikuamini. Ulikuwa umesimama. Umejaa, umepasuka juu mahali nilipouchana kwa kisu, rangi ya asali iliyokomaa. Nikauweka dirishani, ukaanza kulia wenyewe, tik, tik, ganda likipasuka kwa ubaridi wa hewa. Watoto waliukaribia wakausikiliza. Nilipoukata, ndani mlikuwa na vyumba vyumba, unapitisha mwanga. Unga wa mandazi, mama! Miaka yote hiyo tuliambiwa hauna nguvu, na kumbe hakuna aliyeuuliza unataka nini.

Jana Jumamosi nikapeleka mitatu shuleni. Mwalimu Namalwa alikuwa ofisini na mzee mmoja wa kamati. Hakuomba kisu. Aliumega mmoja kwa mikono, akaunusa, akatafuna akiwa amefumba macho, akasema kazi ni yangu kuanzia Jumatatu tarehe saba Septemba. Yule mzee wa kamati naye akala, akasema mkate kama huo hauwezi kutoka hapa, bila shaka ni chachu ya Ulaya, akaniuliza kama ni ile aliyoniachia mzungu wangu. Na mimi, mwandishi wa umoja wa akina mama, nikasema ndiyo. Ulimi wangu ulijibu kabla sijauamuru. Akaahidi kuandika habari hiyo kwenye ripoti ya shule.

Nilifika hadi langoni na barua ya kazi mkononi. Miguu ikakataa. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nakwenda kukaa mwisho wa njia hiyo, ndani ya vyumba viwili vya matofali. Nikarudi. Nikamwambia Mwalimu Namalwa, yule mzee akisikia, kwamba chachu ya mzungu ilikufa kwa ujinga wangu, na hii ni ya mama yangu wa Lubao, mpika busaa. Nilingoja aichukue ile barua. Badala yake alicheka, akacheka tena, akaniambia kwamba yeye alizaliwa nyumbani kwao vyungu vikiwa vimejaa malwa, yaani pombe, ndiyo maana akaitwa Namalwa, na kwamba barua ni yangu vile vile. Kisha akauliza mambo yako. Akauliza kama bado unapika. Nikasema ndiyo, ingawa kuna mwaka askari wa chifu walikuja wakakimwaga chungu chako na kukupeleka kambini. Akauliza ni nani aliyekusaliti.

Niliikunja barua ya kazi, nikaaga bila kulitaja jina. Aliona uso wangu, hakuuliza mara ya pili.

Mama, sasa nakuambia wewe. Mildred, soma.

Kile kitu cha tatu ni kimea chako cha busaa. Siku ya matanga ya baba mdogo, watu wakiimba, nilikwenda nyuma ya nyumba yako, nikakuta umeanika wimbi uliomea kwenye mkeka. Nikachota konzi mbili, nikafunga ndani ya kitambaa changu cheupe cha kanisani, nikakificha kifuani. Sikukuomba. Niliiba kwa mama yangu, siku ya msiba.

Lakini kwa nini nilikwenda nyuma ya nyumba? Nilikimbia. Nilikuwa nimesimama pale uani Mama Khalayi alipofika na mzigo wa kuni kichwani, kuni za matanga, kama jirani yeyote. Ukawaambia vijana wamrudishie. Akazipokea, akageuka nazo akarudi kwake. Sikuweza kuangalia, kwa sababu mimi ndiye najua.

Miaka sita umeamini kwamba Khalayi ndiye aliyewaleta askari, kwa kuwa juma lile alikuja kuazima chekecheke na akakiona chungu nyuma ya ghala. Si yeye. Ni mimi. Nilikuwa kwenye darasa la wachumba kanisani, na wazee wa kanisa wakaniuliza kama nyumbani kwetu hupikwa pombe. Ningesema ndiyo nikanyamaza, ingetosha. Nilitaka kuonekana safi kuliko wengine, mama. Nilitaka wanifungishe ndoa mbele ya madhabahu bila mtu kunong'ona. Nikawaambia na siku, nikawaambia na mahali. Wakampelekea chifu habari, na siku ya tatu askari wakaja. Walivunja chungu ulichoachiwa na bibi, wakakubebesha mawe ya barabara siku kumi na mbili kwenye kambi ya chifu, na wewe mtu mzima. Ulirudi na mikono imechubuka, ukaniambia ni Khalayi. Nikakupaka mafuta mikononi, nikanyamaza.

Nilinyamaza mwaka ule mtoto wake alipofariki na wewe ukakataa kwenda kulia naye. Nyumba zenu zinatazamana, mama, na alimlilia mwanawe peke yake upande huo wa ua. Nilisikia habari hizo nikiwa Lumakanda, nikaendelea kukanda mkate wa Memsahibu.

Nimekuwa nikishangaa mkate huu kwa siku kumi na mbili, mpaka nikalia kwa furaha. Jana, mbele ya Mwalimu Namalwa, ndipo nilipoona ni nini kilichokuwa kikipumua ndani ya kibuyu changu. Ni kazi ya mikono yako, ile ile niliyosababisha imwagwe. Imeamka kwenye unga rahisi na inataka kunipa nyumba. Sijui kama nina haki ya kuipokea.

Kwa hiyo sijaanza kazi. Chachu ipo dirishani, nailisha, inaishi. Ukiniambia niimwage, nitaimwaga kwa mkono wangu na kumrudishia Mwalimu Namalwa barua yake, nasi tutatafuta pa kulala. Hezekiah anajua yote tangu jana usiku. Amesema neno lako ndilo litakalofuatwa hapa, liwe lipi. Barasa akirudi huku mjini na mbuzi wake, mpe jibu aniletee; usipompa, nami nitaelewa.

Jambo moja tu sitangoja ruhusa yako. Mildred, wifi yangu, ukifika hapa usikunje karatasi. Vuka ua, umwite Mama Khalayi. Mpe kiti karibu na mama, uanze tena kusoma kutoka kwenye mulembe wa kwanza, kwa sauti, mpaka jina langu. Mama akitoka nje, msomee Khalayi peke yake. Khalayi akikataa kuingia, simama mlangoni kwake umsomee pale pale. Mikate ni miwili, mmoja ni wake.

Msalimie George, na ukoo wote wa baba mdogo, na majirani wa pande zote mbili za ua. Mungu akulinde mama, akupe nguvu za goti na za kunisikia.

Ni mimi, mtoto wako niliyekukosea,

Sellah Navalayo